Motoka ya Kalumba Imepita kwa Inspekta

Kashikishi, Nchelenge, Zambia
3 Septemba 2024

Bwana Dédé,

Yambo. Mimi njo Laurentine, mwenye motoka. Ile simu uliongea nayo ni ya mujukulu wangu Misozi. Yeye njo alitia picha ya motoka mu intaneti, juu kazi yake pale sokoni ni kutuma na kupokea makuta, pesa ya batu, kwa simu, na bidole byake habijui kutulia. Lakini motoka haiko ya Misozi. Ni ya bwana wangu Kalumba, na Kalumba alishakufa, basi ni yangu. Ukitaka kununua utaongea na mimi, na mimi siongei na simu. Simu inakatika pale pale mutu anapoanza kudanganya. Niandikie barua. Royd anavuka na boti kila juma kwenda Kilwa ya Congo, ngambo ya ziwa, na pale malori ya Lubumbashi hayakosekani. Itafika. Barua zangu za uchumba zilipita njia ile ile na zilifika zote, hata zile sikutaka zifike.

Usicheke mukono wangu. Nilisoma kwa ba masista ku Pweto mupaka mwaka wa tatu, kisha baba akasema inatosha, mutoto anajua kuandika jina na kuhesabu samaki.

Misozi alinisomea maulizo yako. Ndiyo, ni Peugeot 404 ya kweli, ile ya turubai nyuma, ile munaita bashe. Kalumba aliinunua kwenu Lubumbashi siku tulikuwa vijana, usukani iko kushoto, na juu ya ule usukani polisi ya huku ilimusimamisha mupaka wakawa marafiki. Rangi ni ya chai yenye maziwa mingi. Motere inawaka. Asubuhi inakohoa kwanza, kama mutu mukubwa yeyote, kisha inaenda.

Sasa umeuliza kama inspekta ameiona. Hii ilinikasirisha kidogo. Kalumba alibeba samaki kutoka hapa mupaka Kitwe maisha yake yote, na hakumaliza hata mwaka moja bila inspekta. Mara ya mwisho inspekta alikuja mwenyewe hapa nyumbani, na koti nyeupe, akainama, akaingiza kichwa ndani, akanusa, akapitisha mukono chini ya turubai mupaka kwenye pembe, akasema, "Bamama, motoka kama hii hakuna ingine Kashikishi." Akapiga muhuri. Imepita. Usiulize tena.

Nauza juu kaburi ya Kalumba bado ni udongo. Kila masika maji inakula pembeni, na ziwa nayo siku hizi inapanda kama imetumwa. Nataka simenti mbele ya mvua kuanza. Sitafuti huruma, naeleza tu.

Niambie wewe ni nani na motoka unaitakia nini. Kama ni ya kukata bipande, baki kwako.

Laurentine, muke wa Kalumba


Katuba, Lubumbashi
14 Septemba 2024

Mama Laurentine mupendwa,

Yambo sana. Barua yako ilifika, na muke wangu aliisoma mbele yangu, akasema, "Huyu mama, ungekuwa mutoto wake ungefika mbali."

Jina langu ni Dédé. Niko na motoka nne za zamani. Sikati bipande, nazitunza, na Siku ya Posho, ile Jumamosi, nazipangisha kwa batu banaofunga ndoa. Siku hizi vijana ya hapa banataka ndoa kama ya bazazi babo, na unajua ilikuwa namna gani: bibi arusi mbele, pembeni ya dereva, na mashangazi nyuma chini ya turubai, basimame baimbe mupaka kanisani. Mama yangu alienda kwa bwana yake hivyo, mu 404 bashe. Nimetafuta moja miaka mingi. Zilizobaki zinabeba makala, au zimekuwa nyumba ya kuku.

Franshement, niseme kweli, Mama, nilishadanganywa mara moja kwa ile intaneti. Picha muzuri, papye ya ekspertize, ile ya ukaguzi, na sahihi mbili. Motoka ilifika, nikafungua mulango, mulango ikabaki mu mukono wangu. Ule eksperi sikumuona mupaka leo. Tangu pale nauliza kitu moja tu: nani ameiona na macho yake? Donc, basi, barua yako ilinipoza moyo. Mutu wa kuinama na kunusa, huyo ni fundi wa zamani. Fundi wa zamani anasikia petroli mu pua mbele ya kuiona.

Na tangazo lenu linasema: "Imekaguliwa yote na inspekta: motere, shasi na plansher, hakuna kutu." Hii plansher, pale miguu inakaa, njo ugonjwa wa hizi motoka. Inaoza chini ya kapeti, na yulu unaona iko muzuri tu. Kama plansher yenu imepita, nimekwisha kununua.

Nimetuma avansi, malipo ya kwanza, kwa simu ya Misozi. Ndoa ya kwanza ni Posho ya mwisho ya Novemba. Chouchou, binti ya rafiki yangu Félix, njo ataketi mbele.

Ombi moja. Nipe jina ya inspekta na garaji yake iko wapi. Nataka kumusalimia, tuongee kidogo kama batu ya kazi moja.

Mutoto wako,
Dédé


Kashikishi
25 Septemba 2024

Bwana Dédé,

Avansi ilifika. Simenti nilinunua siku ile ile, mbele Misozi hajapata mawazo ingine. Iko mu nyumba, yulu ya mbao, pale Kalumba alikuwa analala.

Ndoa ni kazi muzuri. Nilifikiri uko mutu ya kuuza byuma. Nimefurahi, lakini usivimbe kichwa.

Kuna kitu moja sikuelewa. Unataka garaji ya inspekta. Garaji ya nini? Inspekta wa samaki anafanya nini mu garaji? Eko na meza, na kalamu, na ile koti, na anazunguka kwa miguu mupaka fukwe ya mwisho. Mutu wa kazi moja na wewe namna gani? Wewe unauza samaki?

Nitakufundisha, juu naona huko mumekaa mbali na maji. Hapa mutu akisema "inspekta", mutoto ya miaka tano anakimbia kuficha nyavu. Hakuna inspekta ingine. Motoka ya kubeba samaki lazima aione: kama imeoshwa, kama damu ya jana haikubaki mu pembe, kama chisense, ile samaki midogo ya ziwa, haitalala na mafuta ya taa. Njo maana alinusa. Na alisema ni safi, juu nilikuwa naisugua mimi mwenyewe na majivu na ndimu, Kalumba amelala kwenye kiti anasema, "Punguza, utatoboa." Motoka za benzake zilikuwa zinanuka mupaka nzi zinajua ratiba.

Basi sema "inspekta wa samaki" na watakuonyesha. Lakini usimusumbue na habari ya petroli.

Ile plansher, unasema ni pale miguu inakaa, mimi sijaielewa. Misozi nilimuuliza, akasema ana haraka.

Laurentine, muke wa Kalumba


Katuba
6 Oktoba 2024

Mama Laurentine,

Nilisoma barua yako, nikaiweka, nikairudilia.

Donc inspekta aliangalia samaki. Hakuangalia motoka. Hakulala chini, hakugusa shasi, hakuinua kapeti. Na tangazo linasema motere, shasi na plansher, hakuna kutu. Chumvi na maji ya barafu, miaka yote ile, na hakuna kutu?

Sikuiti mwongo, Mama. Unaandika kama mutu wa kweli. Lakini mimi nilinunua juu ya lile neno, na lile neno halikuwa kweli. Siwezi kumuweka binti ya mutu yulu ya plansher hakuna mutu ameiona. Akivaa nguo nyeupe, miguu ikatoboka mu barabara ya Kasenga, nitamuambia nini Félix? Kwamba harufu ilikuwa muzuri?

Naomba avansi irudi. Au mutu aione ile motoka, aione kweli, uniambie alikuta nini, hata kama ni mubaya. Ile nitaisikia. Tangazo sitalisikia tena.

Dédé


Kashikishi
14 Oktoba 2024

Papa Dédé, mukwai, na heshima,

Mimi njo Misozi. Nkambo, bibi yangu, hajui naandika. Hii barua nimempa Royd mukononi na nimemuambia asimuambie mutu. Simu siwezi, juu Nkambo akisikia naongea anauliza na nani.

Yale maneno ya tangazo niliandika mimi. Nkambo aliniambia andika "imepita inspekta", basi. Mimi nikaona ni fupi, nikafungua matangazo ya batu bengine, na kila mutu ameandika "imekaguliwa yote, hakuna kutu". Nikafikiri ni kama salamu. Mutu akisema "habari ya nyumbani" hataki kujua habari ya nyumbani. Nikaandika na mimi. Plansher nilikopi kwa motoka ya mutu wa Kolwezi. Nilijua inspekta ni wa samaki. Sori, Papa. Nilitaka iende mbio, juu naona namna anaangalia mawingu.

Tangu barua yako ilifika hasemi na mutu. Anakula pekee yake, ndani ya motoka, mulango umefungwa, sahani yulu ya magoti. Ngurumo ikilia ngambo anaenda kugusa mifuko ya simenti kama mutu anapima homa ya mutoto. Jana alimuita Patson, yule anatengeneza motere za boti, aje kesho na jeki. Alinikataza kusogea.

Mimi naweza kurudisha avansi pole pole kutoka kazi yangu. Lakini usimuambie ni mimi. Bamama yule anaweza kusamehe inspekta, anaweza kusamehe wewe. Mutu wa nyumba yake, awe, hawezi.

Misozi


Kashikishi
16 Oktoba 2024

We Dédé,

Umesema huniiti mwongo, lakini neno lenyewe uliliandika, na wino. Mutu asiyekuita mwizi hataji mwizi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikasema, bon, mutoto ameuliza nani ameiona na macho yake. Swali si mubaya. Mubaya ni namna aliliuliza.

Basi nimeiona mimi.

Patson, fundi wa motere za boti, alikuja na jeki na magogo. Akataka kuingia chini. Nikamuambia, wewe shika taa. Akasema, "Bamama, mutakwama." Nikamuambia nikikwama utanivuta na miguu, na usiangalie. Nikatandika mukeka, nikafunga kitenge ya pili kwa uzuri, nikaingia.

Motoka mimi sijui. Samaki najua. Nikaikagua kama samaki makobo ya kununua kwa mutu simuamini. Mutu akinunua samaki kwa rangi ya ngozi, amekula hasara. Ngozi njo ya mwisho kuharibika. Unaangalia jicho, unafungua shavu, kisha unabonyeza tumbo na kidole gumba. Kidole ikirudi, nunua. Ikibakisha shimo, rudisha.

Macho: taa ya kuume inaona, ya kushoto imeingia ukungu. Mashavu, pale mbele kwenye maji ya kupoza: Patson anasema imezibwa mara mbili na inashika. Motere anasema itakuzika wewe na yeye. Mugongo, ile byuma mirefu miwili inabeba yote: nimebonyeza kutoka kichwa mupaka mukia. Inamwaga unga mwekundu, ndani ni ngumu. Patson alipiga na nyundo, ikalia kama kengele ya misa ya pili. Nyuma, pale samaki ilikaa: mbao mupya, chuma ya chini imekuwa biskuti. Usisimamishe mashangazi pale mbele ya kutengeneza, hasa kama mashangazi ya huko ni kama ya huku.

Sasa plansher. Patson alinionyesha ni nini. Nikatoka chini, nikafungua mulango ya dereva, nikainua mupira ya kukanyagia. Chini yake rangi ya chai, safi kabisa. Nikabonyeza.

Kidole ilipita. Yote. Nikaingiza mukono, nikaona kuku anapita chini.

Haikuwa chuma. Ilikuwa bati ya mafuta ya kupikia, yale baligawia bakimbizi kule Kenani, mwaka ule batu balivuka na boti na Kalumba akabeba wazee mupaka kambini na hii motoka. Ameikata, ameinyoosha na nyundo, ameibandika na gundi ya mitumbwi, akapaka rangi. Herufi zinasomeka kwa chini. Miaka yote ile alikuwa anaendesha mupaka Kitwe yulu ya bati ya mafuta.

Na mimi namuuliza kila safari, "Baba Taonga, motoka ni muzima?" Na yeye, "Ni muzima, Mama Taonga." Taonga njo mutoto wetu wa kwanza, mama ya Misozi. Aliapa kwa jina la mutoto.

Nitakuambia kitu. Masika yote suruali yake ilikuwa na matope mupaka kwenye goti, mugulu wa kushoto. Nilimugombeza juu ya ile suruali zaidi ya kitu ingine yoyote mu ndoa yetu. Nilisema, mutu mukubwa, unatembea wapi? Kuna mwanamuke anakaa mu matope? Alicheka tu, akanipa suruali nifue. Matope ilikuwa inaingia kwa tundu, Dédé. Barabara ilikuwa inamurukia yeye akiwa anaendesha.

Patson aliniambia, "Bamama, inatosha, huku kwingine itakuwa vilevile." Nikamuambia mutu hakagui samaki nusu. Nikazunguka upande wangu. Nikainua mupira. Nikabonyeza na nguvu, na hasira yote.

Kidole iliumia. Hata leo ni nyeusi.

Ni chuma. Nene kama ubao wa kukatia nyama. Patson alilala chini tena akaangalia, akasema ni chuma ya ile boti kubwa ya zamani ilikufa ku Chisenga, imechomelewa pembe zote, pole pole, kazi ya mutu hakuwa na haraka. Nikakumbuka. Kuna mwaka alisema motoka inabaki Chienge kwa kuoshwa, akakaa kule siku mbili. Nilifikiri ana mwanamuke Chienge. Nilimunyima supu juma muzima.

Alikuwa na kipande moja ya chuma. Akaiweka chini ya miguu yangu. Upande wake akaweka bati na rangi, kisha akaniambia ni muzima, juu alijua kama ningejua, nisingepanda. Mujinga yule. Mujinga kabisa.

Basi umepata mutu aliona. Upande wa dereva motoka ni mubovu, usimuweke mutu. Tangazo lilisema uongo na mimi sikulisoma, hilo ni langu. Inspekta hakusema uongo. Samaki ilikuwa muzuri.

Avansi yako iko mu simenti. Sijafungua mufuko hata moja. Ukisema irudi, nitauza simenti na utaipata yote. Lakini sema mbio. Hewa ya ziwa imeanza kuwa nzito, na simenti haingojei barua: mufuko wa chini nimeugusa leo, pembe moja imekuwa jiwe.

Na usinijibu kwa huruma. Jibu kama mununuzi.

Laurentine, muke wa Kalumba


Katuba
25 Oktoba 2024

Mama,

Nakujibu kama mununuzi.

Motoka nimeinunua. Bei haiwezi kuwa ile ya kwanza, juu ile ilikuwa bei ya motoka muzima. Natoa plansher ya dereva, natoa chuma ya nyuma, natoa jicho moja. Yaliyobaki nitayalipa siku lori itafika kuichukua. Isiendeshwe, hata mupaka Mansa. Ipandishwe yulu ya lori kama bibi arusi.

Fungua simenti leo. Kama mufuko wa chini umekufa, ule hasara ni yangu, juu mimi njo nilichelewa kujibu.

Sasa maulizo moja. Sisi batu ya motoka za zamani tuko na ugonjwa: tunataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Fundi wangu wa kuchomelea nilimusomea barua yako. Nilipofika kwa suruali aliweka glasi yake chini. Nilipofika kwa chuma ya Chisenga alisema, "Patron, ile si ya kiwanda, lazima itoke." Kisha akasema, "Lakini si mimi nitaitoa."

Chouchou ataketi pale. Félix nilimuambia yote, hata kuku. Akauliza tu upande gani ni wa bibi arusi. Nikamuambia, upande wa mama.

Niambie wewe. Ibaki au itoke?

Mutoto wako,
Dédé


Kashikishi
11 Novemba 2024

Mutoto wangu Dédé,

Swali gani hiyo. Ibaki. Ukiitoa nitavuka na boti ya Royd nije Katuba na mwiko.

Upande wa dereva weka chuma sawa na ile, isiwe chini hata kidogo. Dereva wako akikuambia bati inatosha, muulize muke wake anasema nini juu ya suruali.

Lori ilifika jana. Mutu wako alilipa vizuri, hakuzungusha maneno. Motoka ilipanda yulu ya mbao mbili, kijiji muzima kinasukuma. Patson akapiga kelele kama anazaa. Asubuhi niliisugua mara ya mwisho, majivu na ndimu. Huko chini, mbele ya kiti changu, nimeacha mupira wangu wa kukanyagia, usiutupe, Chouchou akanyage pale na viatu byake byeupe. Mulango wa kuume unafunguka ukiinua kidogo kwanza, kisha vuta. Ukivuta tu hautafunguka, utafikiri umekwama. Haujakwama, unataka kuheshimiwa.

Misozi alikiri. Hakuna mutu alimuuliza. Lakini nilijua tangu siku aliosha byombo bila kutumwa. Nimemuambia: wewe ukiuza kitu kwa ile simu yako, utalala chini yake kwanza, na kitenge, na taa, nikiangalia. Juzi jirani alimuomba atangaze friji. Nilimukuta amelala chini ya friji.

Inspekta nilimuambia yote. Alicheka mupaka koti ikatoka kifungo, kisha akasema mwaka ujao nimusaidie kukagua. Nikamuambia mushahara wako ni mudogo.

Simenti ilifunguliwa siku barua yako ilifika. Mufuko wa chini ulikuwa umekufa kweli, lakini hiyo hasara si yako, nimeuweka mulangoni watu bafute matope. Fundi alipofika makaburini aliuliza simenti iwe nene upande gani, juu haitatosha iwe nene yote. Batu mingi, anasema, banachagua ku kichwa, pale musalaba unasimama, juu njo pale wageni banaangalia.

Nilisimama pale. Nikamugombeza Kalumba kwanza, kwa sauti, mwongo yule, fundi akaondoka kidogo kama anatafuta koleo. Nilipomaliza nikamuita arudi.

Nikamuambia weka nene ku miguu.

Jana usiku mvua ya kwanza ilinyesha. Leo nimeenda kuangalia. Maji imepita pembeni, haikuingia. Suruali yake iko kavu.

Laurentine, muke wa Kalumba